Mwanao Anapoenda Mazoezi ya Maabara

 

Mama, mwanao anasoma chuo kikuu. Amekuletea habari kwamba atafanya mazoezi ya miezi mitatu katika maabara ya utafiti wa magonjwa ya kuambukiza. Umefurahi, lakini moyoni unajiuliza, "Je, hatatuletea ugonjwa nyumbani?" Swali lako ni zuri.

Kwanza, mazoezi haya ni nini? Ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi hukaa na mtaalamu, akajifunza kupokea damu, makohozi au choo, kuandika nambari bila kukosea, na kutambua vijidudu kwa hadubini. Hapa Kenya, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1979, hupokea wanafunzi wa namna hii. Hao ndio watakaopima damu ya wajukuu wetu kesho.

Je, hatari ipo? Ipo, lakini kinga pia ipo. Tuchukue mfano wa brusela, ugonjwa tunaoujua sisi tunaoishi na mifugo. Nyumbani huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kushika kondo la mnyama aliyetupa mimba bila kuvaa glavu. Maabarani, vijidudu vyake vikioteshwa vinaweza kuruka hewani, mtu akavivuta kwa pua. Kwa hiyo hushughulikiwa ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa chafu na kuichuja.

Kabla mwanao hajaanza, muulize mambo haya:

1. Je, umechanjwa homa ya ini aina ya B? Kwa mtu mzima, chanjo hii kwa kawaida ni sindano tatu katika miezi sita.

2. Nani atakusimamia? Mwanafunzi asiachwe peke yake na vijidudu hatari.

3. Utapewa koti na glavu? Glavu zibaki huko huko. Koti lisiletwe nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kutoka.

4. Ukichomwa na sindano utafanya nini? Jibu ni hili: aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, asikamue, kisha amwambie msimamizi papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zikihitajika, zianzwe mapema, kabla ya saa 72 kupita, na zimezwe kwa siku 28. Wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Mwambie mwanao kwamba wewe hutamgombeza.

Jambo la mwisho, tafadhali likumbuke. Mwanao akipata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na viungo, msikimbilie kununua dawa ya malaria dukani. Nendeni hospitali, na amwambie daktari waziwazi: "Mimi hufanya kazi maabara, na vijidudu ninavyoshughulikia ni hivi." Aseme hivyo hata kama mazoezi yalikwisha, kwa sababu brusela inaweza kujificha kwa wiki kadhaa, hata miezi. Ina tiba, lakini dawa humezwa kwa wiki sita hivi, wala zisikatizwe homa ikishuka.

Nawe mama, fanya sehemu yako: chemsha maziwa mpaka yatokote kabla hujampa mtu yeyote. Mwache mwanao aende akajifunze.