Adapta Haibadilishi Volti

Umeme wa majumbani hausambazwi duniani kote kwa msukumo mmoja, na tofauti ya msukumo huo, ambao hupimwa kwa volti, ni hatari zaidi kwa msafiri kuliko umbo la plagi linalomsumbua anapofika hotelini. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, ilhali Marekani hutumia 120 na Japani 100.

Adapta huiwezesha plagi ya umbo moja kuingia katika soketi ya umbo jingine, lakini huupitisha umeme kama ulivyo. Mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,200 iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikichomekwa Dar es Salaam kwa adapta, hupata volti karibu maradufu, na kwa kuwa mkondo wa umeme nao huongezeka kwa kiwango hichohicho, nguvu yake hukaribia mara nne, yaani takriban wati 4,400, kiasi kinachoweza kuyeyusha plastiki kabla fyuzi ya ampea 13 haijakatika. Ndivyo zinavyoungua pasi ambazo jamaa walioko Marekani huwatumia ndugu zao kwa nia njema kabisa. Pasi ya Dar es Salaam ikipelekwa Chicago haiungui. Hupata takriban robo ya nguvu yake na kubaki vuguvugu.

Kinga ni kusoma maandishi madogo yaliyo kwenye kifaa chenyewe. Yakiwa “100–240V, 50/60Hz”, kama ilivyo kwa chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato, adapta inatosha. Yakitaja volti 120 peke yake, inahitajika transfoma, kifaa kinachopunguza au kuongeza volti, nayo iwe na uwezo unaozidi wati za kifaa, jambo linaloifanya iwe nzito mno kwa vifaa vya joto, ambavyo ni heri vinunuliwe hukohuko vitakakotumika.

Ipo pia desturi mbaya, iliyozoeleka Afrika Mashariki, ya kuingiza kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya meno mawili ipite. Tundu hilo ni la jino refu la waya wa ardhi, ambalo huvifungua vifuniko vya ndani vinavyoyaziba matundu yenye umeme yasifikiwe na watoto. Kalamu huivunja kinga hiyo, na plagi isiyolingana na soketi hulegea, ikatoa cheche na kuiunguza soketi taratibu. Msafiri na mwenyeji wanaombwa waiache kalamu mezani na kununua adapta yenye jino la ardhi na fyuzi.