Kiwavijeshi Vamizi katika Mahindi ya Ufipa

Mkulima wa Milanzi, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga, aonapo majani ya mahindi yametoboka na kinyesi mithili ya unga wa mbao kimejaa katikati ya mmea, aghalabu huwa amechelewa. Mharibifu ni kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, mzaliwa wa Amerika aliyegunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka 2017, Rukwa ikiwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kumpata. Asichanganywe na kiwavijeshi wa Afrika, ambaye huzuka kwa makundi na kuhama shamba hadi shamba mchana kweupe. Huyu hujificha.

Nondo jike huruka usiku. Hutaga mayai 100 hadi 200 kwa mkupuo, mara nyingi upande wa chini wa jani, akayafunika kwa magamba ya mwili wake yafananayo na manyoya. Penye joto mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Viwavi wachanga hukwangua jani bila kulitoboa, wakaacha madirisha meupe, kisha huingia katika kikombe cha majani machanga. Humo hulana wao kwa wao, hata wakabaki mmoja au wawili tu kwa mmea. Hatua za ukuaji wa kiwavi ni 6, na ya mwisho pekee hula kuliko zile 5 za awali zikijumlishwa. Wakati huo alama zake ni dhahiri: Y iliyopinduliwa usoni, na madoa 4 yaliyojipanga mraba karibu na mkia. Kisha hushuka udongoni, sentimita 2 hadi 8, akageuka bundo, na katika bundo hutoka nondo.

Joto ndilo saa ya mdudu huyu. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa katika nyuzi 32 za Selsiasi safari yote, tangu yai hadi nondo, huchukua siku 20 hivi. Katika nyuzi 18, siku 71. Ndiyo maana kwenye baridi ya uwanda wa Ufipa vizazi hufuatana polepole kuliko huko chini, bondeni mwa Ziwa Rukwa. Lakini baridi si kinga kamili, kwani nondo aweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Dawa inayopulizwa kiwavi akiwa mkubwa huishia kwenye kinyesi kilichoziba mlango wake. Basi wanafunzi wakaguao shamba la shule wasingoje mashimo. Wageuze majani ya mimea michanga, mara 2 kwa juma, wakitafuta madirisha meupe na mayai, na mayai wayaponde kwa vidole.