Waliagana katika Matope: Je, Waliporudiana Waliipata Tena Sifa Yao?

Tarehe 14 na 15 Agosti 2004 kijiji cha Coventry, katika jimbo la Vermont lililoko kaskazini mashariki ya Marekani, kilijaa wageni kuliko siku zote zake. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na mashamba yaliyotengwa kwa ajili ya motokari yalikuwa yamegeuka bwawa la matope. Mpiga besi wa bendi mwenyewe alilazimika kusema katika redio ya tamasha kwamba hapakuwa na nafasi tena, na kwamba waliokuwa bado njiani warudi makwao. Wengi hawakurudi. Waliziacha motokari kando ya barabara kuu, wakajitwika mahema na vyakula vyao, wakatembea kwa miguu maili nyingi. Walikuwa wanakwenda kuagana na bendi waipendayo, jina lake Phish, ambayo ilikuwa imetangaza mwezi wa Mei kwamba hizo ndizo zitakuwa siku zake za mwisho.

Waliyoyasikia yaliwahuzunisha kuliko mvua. Trey Anastasio, mpiga gitaa na kiongozi, alikosea nyimbo alizozitunga mwenyewe, na vidole vyake vilikwama mahali ambapo zamani vilikimbia kama maji ya mtelemko. Mpiga piano, Page McConnell, alianza kuimba wimbo mmoja wa kuaga, akashindwa kuumaliza vema kwa machozi. Watu walirudi nyumbani na viatu vilivyojaa udongo, na wengi wao waliona haya kwa niaba ya rafiki zao.

Ili msomaji aelewe msiba huo, yafaa ajue kwanza bendi hiyo ilikuwa ya namna gani. Ilianza mwaka wa 1983 katika chuo kikuu cha Vermont, katika mji wa Burlington. Pamoja na Anastasio walikuwamo Mike Gordon, mpiga besi, na Jon Fishman, mpiga ngoma, ambaye mpaka leo hupanda jukwaani amevaa gauni. McConnell aliingia mwaka wa 1985. Tangu mwaka wa 1986 ni hao wanne tu. Hawakupata sifa yao kwa santuri, wala nyimbo zao hazikusikiwa sana katika redio. Walisifiwa kwa jambo moja: hakuna usiku uliofanana na mwingine. Wimbo ulianza kama ulivyotungwa, kisha ukafunguliwa, na wote wanne wakatunga papo hapo mbele ya watu, pengine kwa dakika 20 au 30, bila kujua wangetokea wapi. Sisi tuliozoea seben ya bendi zetu, mahali pale ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yakachukua njia, tunaweza kuionja ladha hiyo. Ila katika seben wachezaji wanajua watakaporudi, na hawa hawakujua. Kwa sababu hiyo wapenzi wao waliwafuata mji kwa mji, wakanasa muziki katika kanda kwa ruhusa ya bendi yenyewe, wakabadilishana kanda hizo kwa posta pasipo kuuziana.

Wako wanaodhani kwamba kutunga papo hapo ni kazi ya mvivu, ya mtu asiyetaka kujifunza. Jambo hili lapasa kukanushwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana hao walijifungia chumbani saa nyingi na kufanya zoezi la namna hii: mmoja alianza kupiga kipande kifupi akikirudiarudia; wa pili akaongeza chake cha kukitegemeza; hali kadhalika wa tatu na wa nne. Kila mmoja alipoamini kwamba wenzake wote wamekwisha kutulia mahali pao, alitamka neno moja la ishara. Wote wanne wakilitamka pamoja, zoezi limefaulu, nao hubadilisha na kuanza upya. Waliotamka mapema walijulikana mara moja kuwa hawakuwa wakisikiliza. Ndiyo kusema, hawakujizoeza kupiga, walijizoeza kusikia. Na yeyote aliyepata kufundisha kwaya anajua ni lipi kati ya hayo mawili lililo gumu.

Matunda yalikuja. Mwezi wa Agosti 1996 watu kama 70,000 walikusanyika katika uwanja wa zamani wa ndege za vita huko Plattsburgh, jimbo la New York, kuwasikiliza wao peke yao. Usiku wa kuamkia mwaka wa 2000, katika nchi ya Wahindi wa Seminole kusini mwa Florida, walipanda jukwaani karibu na saa sita ya usiku na hawakushuka mpaka jua lilipochomoza, zaidi ya saa 7 za muziki. Wengi wa wapenzi wao husema kwamba hapo ndipo kilele kilipokuwa, na Anastasio mwenyewe amekiri hadharani kwamba baada ya asubuhi ile aliona kama hapakubaki kilima cha kupanda.

Kilichofuata ni cha kusikitisha, wala hakihitaji maneno mengi. Nyuma ya jukwaa palikuwa pamejaa watu wasio na kazi, pamoja na pombe na madawa ya kulevya. Mazoezi yalikwisha. Bendi ilikuwa imekuwa kampuni yenye wafanyakazi wengi wa kulipwa, kwa hiyo ilipasa kuzunguka hata pale mioyo ilipochoka. Walipumzika mwezi wa Oktoba 2000, wakarudi siku ya mwisho ya mwaka wa 2002, na kurudi huko kwa kwanza hakukuponya kitu, kwa maana hakuna aliyekuwa ameshughulika na ugonjwa wenyewe. Hata hivyo katika kanda za 2003 na 2004 mna vipande vya kutisha kwa uzuri, vya giza na vya kuzama, na wako wasikilizaji mpaka leo wanaovipenda kuliko vyote. Halafu likaja tope la Coventry.

Mwezi wa Desemba 2006, katika mji mdogo wa Whitehall, jimbo la New York, polisi walisimamisha motokari ya Anastasio usiku na kumkuta na vidonge vikali ambavyo hakuandikiwa na mganga. Mahakama ilimweka chini ya mpango wa watumiaji wa madawa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja: kupimwa mara kwa mara, kuripoti mbele ya hakimu, kufanya kazi za mikono kwa faida ya watu. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba kukamatwa kule ndiko kulikookoa maisha yake.

Septemba 2008 wanne hao walikutana katika arusi ya mtu aliyekuwa akisimamia safari zao zamani, wakapiga nyimbo chache mbele ya wageni. Mwezi uliofuata walitangaza kurudi. Na tarehe 6 Machi 2009, katika jumba la Hampton, jimbo la Virginia, taa zilizimwa, nao wakaanza na wimbo uitwao Fluffhead.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Fluffhead ni utunzi mrefu wa vipande vingi vilivyounganishwa kwa ustadi, ambamo kosa la kidole kimoja husikika hadi viti vya nyuma. Tangu mwaka wa 2000 hawakuwa wameugusa, hata katika miaka ile miwili ya kurudi ovyo. Kuuweka wa kwanza kulikuwa sawa na kuwaambia wasikilizaji: tumefanya mazoezi. Katika siku tatu za Hampton walipiga nyimbo zaidi ya 80, na wasioweza kufika walipewa muziki wote bure.

Sasa basi, je, ukuu wao ulirudi? Hapa wapenzi waligawanyika, na nadhani kila upande ulikuwa na haki yake. Mwaka wa 2009, na hata wa 2010 na 2011, nyimbo zilizotungwa zilipigwa kwa usafi ambao haukusikiwa tangu miaka mingi. Lakini pale ambapo wimbo hufunguliwa, mlango ulifungwa upesi. Mara nyingi muziki ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kutafuta njia, na Anastasio akaukata na kuanza wimbo mwingine. Wasikilizaji walinung'unika. Walisema: tumerudishiwa watu, muziki haujarudi. Baadhi yao walitamka neno baya zaidi, kwamba yale madawa ndiyo yaliyoleta ule uzuri wa zamani, na kwamba mtu mzima mwenye afya hawezi kuupata tena.

Neno hilo nalikataa kabisa, wala si kwa sababu ya mafundisho mema tu, bali kwa ushahidi wa kanda. Muziki wa 1994 na 1995, ule uliowafanya wakuu, ulitoka kwa watu waliofanya mazoezi kila siku. Uharibifu ulipoongezeka, makosa yaliongezeka. Aliyewafanya waogope mwaka wa 2009 hakuwa afya. Ilikuwa kumbukumbu ya Coventry. Aliyeanguka mbele ya watu maelfu hutembea polepole siku za kwanza.

Ilichukua miaka minne. Tarehe 31 Julai 2013, karibu na ziwa Tahoe, mpakani mwa Nevada na California, walianza wimbo wao wa zamani uitwao Tweezer, na ulipofunguka hakuna aliyeukata. Ulikwenda karibu dakika 37. Katikati yake bendi ilianza kunyamaza ghafula kwa pigo moja, na watu wakaijaza nafasi ile tupu kwa ukelele. Bendi ikasikia, ikaacha nafasi nyingine, watu wakajibu tena, mpaka uwanja mzima ukawa chombo cha tano. Ni lile zoezi la chumbani, isipokuwa safari hii maelfu ya watu walikuwamo. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, huko Atlantic City, usiku ambao kwa desturi yao walipiga santuri nzima ya bendi nyingine, walithubutu kupiga nyimbo mpya zao wenyewe ambazo hakuna aliyepata kuzisikia.

Mtu akitaka kujua bahati yao ilikuwa kubwa namna gani, atazame bendi ya Grateful Dead ya California, iliyowatangulia katika namna hiyo ya muziki. Mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, naye alisumbuliwa na madawa miaka mingi, akafariki Agosti 1995 akiwa na umri wa miaka 53. Wenzake waliosalia walipotaka kuadhimisha miaka 50 ya bendi mwaka wa 2015, huko Santa Clara na Chicago, iliwapasa kumtafuta mtu wa kusimama mahali pa marehemu. Walimwita Anastasio. Alijifunza nyimbo zao miezi kadhaa, kama mwanafunzi, na wasikilizaji wengi wa Phish huhesabu kwamba kujifunza huko kulimrudishia wepesi wa vidole. Lakini kwa Grateful Dead swali letu halikuwa na maana tena: bila Garcia, kurudiana hakungeweza kuwa kurudi.

Majira ya joto ya 2017 Phish walikaa New York, katika jumba la Madison Square Garden, usiku 13 kati ya tarehe 21 Julai na 6 Agosti, nao hawakurudia wimbo hata mmoja: jumla yake 237. Mimi kinachonishangaza zaidi si hesabu hiyo. Usiku mmoja walipiga Lawn Boy, wimbo mtulivu wa dakika chache ambao McConnell huuimba kwa madaha, na ambao kwa miaka yote haukupata kufunguliwa. Uliendelea karibu nusu saa. Hata waliowafuata tangu ujana wao hawakuwa wametazamia mlango katika ukuta ule.

Kuna kilichopotea, haifai kuficha. Ile kasi ya ujana, ile hali ya kutishia kuanguka kila dakika, haimo tena. Mwenye kutaka hiyo na asikilize kanda za 1994. Gitaa sasa hungoja, piano huongoza mara nyingi zaidi, na muziki huchanua taratibu. Wako walioachana nao kwa ajili hiyo. Wako na vijana waliozaliwa baada ya 2000 ambao hawajui Phish nyingine ila hii, na huwasikiliza baba zao wakibishana kama watu wanaosimulia nchi ya mbali. Anastasio, kwa upande wake, alisaidia kuanzisha nyumba ya kuwatunza watu wanaotoka katika ulevi, huko Ludlow, Vermont, baada ya kuchanga fedha kwa muziki wake mwaka wa 2020. Baadhi ya wenyeji walipinga kwanza, lakini ilifunguliwa mwaka wa 2023.

Siku ya mwisho ya mwaka huohuo wa 2023, tena katika Madison Square Garden, walipiga kwa ukamilifu hadithi ya Gamehendge, mfululizo wa nyimbo ambao watu hawakuwa wameusikia jukwaani wote pamoja tangu Julai 1994. Safari hii palikuwapo waigizaji na wachezaji, na wanyama wa kutengenezwa. Anastasio aliiandika hadithi hiyo alipokuwa mwanafunzi, iwe kazi yake ya kumaliza chuo cha Goddard, hukohuko Vermont. Usiku ule aliipiga akiwa na umri wa miaka 59, na wenzake wakiwa walewale watatu.