Kukatwa na Kukatika: Istilahi za Kiswahili katika Kufuatilia na Kusanidi Swichi ya Mtandao

IKISIRI

Makala hii inaeleza namna programu ya kompyuta inavyotumika kufuatilia na kusanidi swichi ya mtandao, na inachunguza istilahi ambazo Kiswahili kinaweza kutumia katika kazi hiyo. Inadaiwa hapa kuwa tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka katika kitenzi cha Kiswahili inalingana na tofauti ya msingi iliyomo katika programu hizo, yaani tofauti kati ya hali iliyoamriwa na hali iliyopo. Mifano imechukuliwa kutoka katika mazingira ya uchenjuaji wa dhahabu ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga.

1.0 Utangulizi

Mtu anayefika Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, hukuta msamiati wa kazi ambao haukutungwa na kamati yoyote. Shimo la wachimbaji wadogo ni duara, na magogo yanayozuia kuta zake zisiporomoke ni matimba. Mashine ya kusaga mawe ni karasha, na mtambo wa kutenganisha dhahabu na kaboni ni elusheni. Msamiati huu unaonyesha kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Pale ambapo Kiswahili kilikuwa na neno linalofaa, wachimbaji walilipanua maana, kama walivyofanya kwa duara. Pale ambapo kifaa kilikuja na jina lake, walilitohoa, kama walivyofanya kwa karasha. Wengi wa watumiaji wa maneno haya lugha yao ya kwanza ni Kisukuma, lakini kazi inafanyika kwa Kiswahili.

Katika taaluma ya kompyuta mambo hayakwenda hivyo. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi ya kusanifu istilahi imekuwa na chombo chake, na wataalamu wamejadiliana kwa muda mrefu kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi, lililoitwa Jambo OpenOffice. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mjadala huo ilihusu mtumiaji wa kawaida, yaani anayeandika barua au kusoma tovuti. Fundi anayesimamia mtandao wenyewe hakushughulikiwa sana. Makala hii inajaribu kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo.

2.0 Swichi na Jina Lake

Kwa Mswahili wa kawaida, swichi ni kitufe cha ukutani cha kuwashia na kuzimia taa. Maana hiyo humpotosha mwanafunzi wa mitandao, kwani swichi ya mtandao haiwashi wala haizimi. Maana iliyo karibu zaidi ni ile ya swichibodi ya simu za zamani, ambapo mhudumu alipokea mwito kutoka waya mmoja na kuuunganisha na waya mwingine kwa kadiri ya matakwa ya mpiga simu. Swichi ya mtandao hufanya kazi hiyo bila mhudumu. Kila kifaa kilichounganishwa nayo kina anwani ya maunzi yenye biti 48. Swichi husoma anwani ya mtumaji katika kila fremu inayoingia, hukumbuka imeingilia wapi, na baadaye hupeleka fremu za anwani hiyo huko huko bila kuwasumbua wengine.

Umuhimu wa kifaa hiki katika Afrika Mashariki unaonekana katika vituo vya kubadilishana mawasiliano. Kabla ya vituo hivyo, ujumbe uliotumwa kati ya wateja wa makampuni mawili ya mji mmoja uliweza kupitia Ulaya au Marekani kwa satelaiti na kurudi. Kituo cha Nairobi kilianza mwaka 2000, kikasimamishwa kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano, kisha kikaruhusiwa tena mwaka 2002. Kile cha Dar es Salaam kilifuata mwaka 2004. Kiini cha kituo cha namna hii ni swichi ambayo makampuni yote hukutania.

Sehemu ya swichi inayopokea waya inahitaji istilahi yake. Tafsiri ya kikamusi, yaani bandari, haifai kabisa. Lango nalo limekwishatumika kwa kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Baadhi ya mafundi husema tundu, na neno hilo linafaa iwapo tunazungumzia umbo tu. Lakini programu simamizi huweza kufungua na kufunga sehemu hii kwa amri, na tundu halifunguliwi wala halifungwi. Kwa hiyo tunapendekeza mlango.

3.0 Kufuatilia

Si kila swichi inaweza kusimamiwa kwa programu. Swichi za bei nafuu hufanya kazi zikishapata umeme, wala hazina la kumwambia mtu. Swichi inayosimamiwa ina programu ndogo ndani yake, tunayoiita wakala. Katika kompyuta ya fundi mna programu simamizi. Wakala na programu simamizi huzungumza kwa itifaki, na iliyoenea zaidi kwa kazi ya kufuatilia ni SNMP, yaani Itifaki Sahili ya Usimamizi wa Mitandao, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1988.

Mazungumzo hayo yanafanana na yale ya duara. Aliye juu hawezi kumwona aliye chini, hivyo hujua hali ya chini kwa njia mbili. Ama huuliza na kujibiwa, ama walio chini humwita wenyewe wakiona hatari. Vivyo hivyo programu simamizi huuliza swali kila baada ya muda uliopangwa, na wakala hujibu. Aidha, wakala anaweza kutuma tahadhari bila kuulizwa, kwa mfano mlango unapopoteza mawasiliano. Hapana budi ikumbukwe kuwa tahadhari hiyo kwa kawaida hutumwa bila hakikisho la kupokelewa. Swichi iliyokosa umeme ghafla inaweza isiseme neno. Kwa hiyo ukimya hauthibitishi usalama, wala kukosa jibu hakuthibitishi kuwa swichi imekufa, kwani huenda njia ya kuifikia ndiyo iliyoharibika.

Kila jambo linaloweza kuulizwa lina namba yake katika orodha iliyokubaliwa kimataifa, tunayoiita hazina ya taarifa za usimamizi. Kwa mfano, idadi ya baiti zilizoingia katika mlango huulizwa kwa namba 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10, ikifuatwa na namba ya mlango wenyewe. Jibu huwa ni hesabu inayoongezeka daima, mithili ya mita ya maji. Programu husoma hesabu mara mbili, hutoa ndogo katika kubwa, kisha hugawa kwa muda uliopita. Hivyo ndivyo grafu za matumizi zinavyochorwa. Programu ya MRTG, iliyoanzishwa na Tobias Oetiker mwaka 1995, ilieneza mtindo wa kusoma kila baada ya dakika 5.

Hapa pana hatari isiyoonekana. Hesabu hiyo ya asili ina biti 32, maana yake haiwezi kuzidi 4,294,967,295, kisha huanza tena kwenye sifuri. Mlango wa megabiti 100 kwa sekunde ukijaa, hesabu huzunguka kila baada ya takriban dakika 5 na sekunde 44, na usomaji wa kila dakika 5 bado unaweza kusahihishwa. Mlango wa gigabiti 1 huzungusha hesabu kwa sekunde 34 hivi. Programu inayosoma kila dakika 5 haiwezi kujua imezunguka mara ngapi, na grafu yake itaonyesha utulivu mahali palipojaa pomoni. Dawa ni kutumia hesabu za biti 64, ambazo swichi nyingi za kisasa zinazo.

4.0 Kukatwa na Kukatika

Sasa tuingie katika kiini cha makala. Katika hazina iliyotajwa, kila mlango una maelezo mawili ya hali. La kwanza, lenye namba inayoishia na 7, ni hali iliyoamriwa, yaani jinsi msimamizi alivyotaka mlango uwe. La pili, linaloishia na 8, ni hali iliyopo, yaani jinsi mlango ulivyo kwa kweli. Katika yote mawili, 1 ina maana kuwa mlango uko kazini na 2 kuwa hauko kazini. La kwanza linaweza kuandikwa na kusomwa, ilhali la pili husomwa tu.

Kiingereza cha programu hutumia neno moja, lenye maana ya "chini", kwa thamani 2 ya maelezo yote mawili. Fundi anaweza kuambiwa tu kuwa mlango uko chini. Kiswahili hakilazimiki kuiga umaskini huo. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili hutofautisha "umeme umekatwa" na "umeme umekatika". Kauli ya kutendwa humdai mtenda. Anayeisikia huuliza, umekatwa na nani? Kauli ya kutendeka haimdai mtenda. Inataja hali, nayo haisemi kama kuna mkono wa mtu au hapana.

Tuchukulie kuwa kituo kimoja cha uchenjuaji kina swichi ya milango 24, na mlango wa 7 umeunganishwa na kamera ya chumba cha elusheni. Dhahabu iliyomo ni ya watu kadhaa wenye hisa, na kamera ndiyo inayowafanya walale. Usiku wa kutoa dhahabu, picha inapotea kwa dakika 40. Asubuhi mlinzi wa zamu anatuhumiwa kuwa ameizima. Kauli "kamera ilizimwa" imekwisha kumhukumu kabla ya uchunguzi.

Programu simamizi ikiwa imehifadhi majibu yake, jambo hili linachunguzika. Kama hali iliyoamriwa ilikuwa 2 wakati ule, basi mlango ulifungwa. Yupo aliyetoa amri, naye alihitaji nywila. Swichi iliyosanidiwa kutunza kumbukumbu itaonyesha amri ilitolewa saa ngapi na kwa jina gani la mtumiaji. Kama hali iliyoamriwa ilikuwa 1 na hali iliyopo ikawa 2, basi mlango ulikatika. Huenda waya ulilegea, panya aliutafuna, au kamera ilikosa umeme. Huenda pia mtu aliuchomoa waya kwa mkono wake. Programu haijui, na kauli ya kutendeka inaheshimu mpaka huo wa ujuzi. Haimtakasi mlinzi, lakini pia haimtii hatiani. Iwapo milango yote ilikatika kwa pamoja, au swichi yenyewe ilikuwa kimya, uchunguzi utaelekea kwenye umeme wa chumba kizima.

Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza istilahi tatu kwa skrini za programu simamizi: "uko kazini" iwapo maelezo yote ni 1, "umefungwa" iwapo hali iliyoamriwa ni 2, na "umekatika" iwapo hali iliyoamriwa ni 1 na iliyopo ni 2. Hatukuchagua "umefungika", kwa sababu kauli ya kutendeka huwa pia na maana ya uwezekano. "Mlango huu unafungika" ni sawa na kusema unaweza kufungwa. Mnyambuliko wa namna hii umo pia katika lugha nyingine za Kibantu, Kisukuma kikiwamo, kwa hiyo tofauti hii haitakuwa ngeni kwa fundi wa Shinyanga au Geita.

5.0 Kusanidi

Kufuatilia ni kusoma, na kusanidi ni kuandika. Kitenzi kusimamia hujumuisha yote mawili, na ndiyo maana hakitoshi peke yake. Haki zake pia hutolewa mbalimbali. Katika matoleo ya awali ya SNMP, anayesoma na anayeandika hutambulishwa kwa maneno ya siri mawili tofauti, lakini maneno hayo husafiri waziwazi ndani ya mtandao. Toleo la tatu, lililokubaliwa kuwa kiwango kamili mwaka 2002, lina uthibitishaji na usimbaji. Ni busara kutumia toleo hilo, na kuruhusu kuandika pale tu panapohitajika.

Msanidi huweza kufunga milango isiyotumika, kuzuia mlango usipokee kifaa kigeni, au kuigawa swichi moja katika mitandao kadhaa isiyoonana. Kwa mgawanyo huo, kwa mfano, kamera hutenganishwa na kompyuta za wageni.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kwanza, katika swichi nyingi usanidi unaotumika na usanidi uliohifadhiwa ni vitu viwili. Mabadiliko yasiyohifadhiwa hupotea umeme ukikatika, na swichi ikiwaka hurudia hali ya zamani. Pili, fundi aliye Shinyanga mjini akifunga mlango anaoutumia kuifikia swichi ya Mwakitolyo, atakuwa amekata kamba anayoning'inia, na safari itakuwa haina budi. Baadhi ya swichi zinaruhusu tahadhari ifuatayo. Kabla ya badiliko la hatari, fundi huiamuru swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10. Akifaulu, hufuta amri hiyo na kuhifadhi usanidi. Akijifungia nje, husubiri, na swichi itarejea na usanidi wa awali.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa tatizo la istilahi za mitandao si la nomino peke yake. Swichi, wakala, mlango na itifaki zinaweza kupatikana kwa utohozi au kwa upanuzi wa maana, kama wachimbaji walivyofanya kwa karasha na duara. Kazi kubwa zaidi imo katika kitenzi, kwa kuwa ndicho kinachosema nani ametenda, nini kimetokea, na nini hakijulikani. Waundaji wa istilahi wanashauriwa kuanzia kwenye minyambuliko, kabla ya kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza. Ripoti ya asubuhi ikiandikwa "mlango wa 7 ulikatika", mlinzi wa zamu ataulizwa alichokiona. Ikiandikwa "ulikatwa", ataulizwa kwa nini amekata.