Madhabahu, daftari ya Leta na fimbo ya kundi



Mwezi wa kwanza 2024, hapa Goma kila mahali ilikuwa habari moja. Kadinali Fridolin Ambongo, askofu mkuu wa Kinshasa, alitangaza kwa jina la maaskofu Wakatoliki wa Afrika na Madagaska kwamba makanisa yao hayatabariki wapenzi wa jinsia moja. Lilikuwa jibu kwa andiko la Roma, Fiducia supplicans, la tarehe 18/12/2023, lililoruhusu baraka fupi nje ya ibada, bila kuita muungano huo ndoa.

Siku zile zile, kwenye kartie yetu, kundi lilimufukuza usiku kijana mumoja mpangaji, juu ya uvumi tu. Vitu vyake vilitupwa njiani. Mumoja wao akasema: « Kadinali alishasema, na sheria inakataza! » Nilikuwa pale, nikanyamaza. Njo maana naandika leo.

Mimi ni mutu wa kilimo, si mwanasheria. Lakini shambani tulifundishwa: usipulize dawa kama hujajua ni ugonjwa gani. Hapa tunachanganya mambo matatu.

Kwanza, madhabahu. Padiri, mchungaji ao shehe, kila mumoja iko na haki ya kusema ndoa gani anabariki na gani hapana. Katiba yetu, kifungu cha 22, inalinda uhuru wa dini. Wakatoliki, Waprotestanti wengi na Waislamu wa kwetu wanakubaliana hapa: ndoa ni ya mwanaume na mwanamke. Mimi ni Mkatoliki, nafuata hiyo.

Pili, daftari ya Leta. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inampa kila mutu haki ya kufunga ndoa na mutu anayemchagua, wa jinsia tofauti. Kwa hiyo komine haiwezi kuandika ndoa ya wanaume wawili. Lakini kifungu cha 1 kinasema Leta yetu haina dini. Na tunaiona: Kanisa Katoliki halikubali talaka, Leta inaikubali. Uislamu unaruhusu hadi wake wanne, Sheria ya Familia inakubali mumoja tu. Tena tazama inje: Afrika Kusini inaandika ndoa za jinsia moja tangu 2006, Uganda mwaka 2023 ilitunga sheria yenye adhabu hadi kifo. Wakristo wa nchi zote mbili wanasoma Biblia ile ile. Kinachotofautiana ni uamuzi wa Leta.

Tatu, fimbo. Kukataa kuandika ndoa si sawa na kuadhibu mutu. Sheria yetu ya adhabu haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Kuna kifungu juu ya matendo ya aibu mbele ya watu, na wakati mwingine kinatumiwa juu yao. Mwaka 2013 pendekezo la kuwaadhibu lilipelekwa bungeni, halikupita. Na hata lingepita, kuhukumu ni kazi ya tribinali, si ya vijana wa kartie saa tano za usiku.

Kifungu cha 16 kinasema mwanadamu ni mtakatifu, na Leta inapaswa kumuheshimu na kumulinda. Na lile tangazo la Kadinali, ambalo kundi lilitumia kama ruhusa, linasema wazi kwamba watu hawa watendewe kwa heshima na utu. Sijui kama yule aliyelitaja alilisoma. Mimi mwenyewe nililisoma nyuma, kijana alikuwa ameshaenda.

Wandugu, mutu anaweza kusema hapana kanisani, hapana kwenye komine, na bado akasimama mlangoni kwa jirani akasema hapana kwa wenye fimbo. Hazipingani. Usiku ule nilikuwa na zile mbili za kwanza. Ya tatu, ilinishinda kuisema.