Nyota Nyekundu Inayofuata Kilimia

Mwanzoni mwa mwezi wa 11, mvua isipotuzuia, tazameni mashariki kama saa moja usiku. Mtaona Kilimia kikichomoza, lile fungu la nyota ndogo zilizosongamana. Ngojeni kidogo. Kama saa mbili hutokea nyuma yake nyota moja kubwa, nyekundu. Jina lake ni Aldebaran, neno la Kiarabu, maana yake mfuasi, kwa kuwa hufuata Kilimia usiku kucha. Sisi wa Kisangani tu karibu na ikweta, kwa hiyo nyota zetu hupanda wima, kama mtu apandaye mchikichi. Mwezi wa 2 Aldebaran huwa juu tangu mapema, kaskazini kidogo ya utosi. Msiichanganye na Mirihi. Mirihi nayo ni nyekundu, lakini huhamahama kati ya nyota. Aldebaran haiachi mahali pake.

Karibu nayo zimo nyota nyingine hafifu. Msidhani ni jamaa zake. Mtu asimamaye ng’ambo ya Makiso usiku huona taa ya mvuvi katika mtumbwi na taa za Lubunga kama ziko pamoja, kumbe mvuvi yu karibu zaidi. Ndivyo ilivyo Aldebaran: nyota zile ziko mbali kupita mara mbili. Hata hivyo, nuru yake huchukua miaka kama 65 kufika kwetu. Nuru iliyoondoka huko 1960, mwaka wa uhuru wetu, mji huu ulipokuwa ukiitwa bado Stanleyville, imefika hapa karibu na 2025.

Je, kwa nini ni nyekundu? Wengi hudhani kwamba wekundu ni alama ya moto mkali kupita wote. Sivyo. Mwangalieni mhunzi avukutapo. Chuma kikianza kushika moto huwa chekundu. Akizidi kuvukuta, hugeuka rangi ya chungwa, halafu manjano, na mwisho hukaribia weupe. Chekundu ndicho chenye moto mdogo. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Uso wa Jua una joto la digrii 5,500 hivi; uso wa Aldebaran ni kama digrii 3,600 tu. Lakini msiudharau moto huo: chuma kikitiwa humo hakitayeyuka tu, kitageuka mvuke.

Basi, ikiwa joto lake ni pungufu, mbona Aldebaran hutoa nuru mara 400 hivi kuliko Jua? Kaa moja jekundu haliangazi nyumba, lakini uwanja mzima wa makaa mekundu ungeangaza kijiji. Aldebaran ni kubwa mno. Upana wake ni kama mara 45 ya upana wa Jua. Jua likiwa chungwa, Dunia yetu itakuwa punje ya mchanga, na Aldebaran itawapita kimo watu wazima wawili wakisimama mmoja mabegani mwa mwenzake, au karibu hivyo.

Mwezi wenyewe umesaidia kuipima. Mara nyingine Mwezi hupita mbele ya Aldebaran na kuifunika. Nuru haikatiki mara moja kabisa. Huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na vyombo huhesabu muda huo. Nyota pana hufichwa polepole zaidi.

Ajabu ni kwamba jitu hilo halina uzito wa kadiri ya mwili wake. Uzito wake unazidi wa Jua kidogo tu. Ukigawanywa katika mwili wote, unakuwa mwepesi kuliko hewa tunayovuta. Sehemu ya uzito huo imebanwa sana katika kiini.

Mambo yalikuwaje? Kila nyota huishi kwa gesi iitwayo hidrojeni, inayogeuka kuwa heli katika kiini na kutoa joto. Katika Aldebaran hidrojeni ya kiini imekwisha. Kiini kikajikaza na kuzidi joto, na moto ukahamia pembeni yake. Ndipo sehemu za nje zikasukumwa, zikavimba, na kwa kuvimba zikapoa zikawa nyekundu.

Jua letu litapita njia hiyo hiyo, baada ya miaka kama milioni elfu tano. Litavimba na kuimeza Utaridi, sayari iliyo jirani yake. Mto Kongo utakuwa umekauka zamani kabla ya siku hiyo.