Mafuriko Yakiondoka, Tusiharakie Kulala Ndani

Mto unaporudi mahali pake, kila familia huwa na wazo moja tu: kurudi nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa Kilosa mwanzoni mwa mwaka 2010, katika mabonde ya Dar es Salaam Desemba 2011, na kule Rufiji na Kibiti Aprili 2024. Tukitazama uani tunaona maji yamekwisha. Lakini ndani ya kuta, chini ya sakafu na katika magodoro bado yapo, na hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumzia mwezi huu.

Ukungu ni nini?

Hatusemi juu ya ukungu wa asubuhi milimani. Tunasema juu ya yale madoa meusi, ya kijani au meupe yanayotokea ukutani na kwenye nguo, yenye harufu ya uvundo. Hiyo ni kuvu, jamii moja na uyoga. Mbegu zake ni ndogo mno na zipo hewani siku zote. Zikipata unyevu, na chakula kama mbao, karatasi au nguo, huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 tu.

Anayelala katika nyumba hiyo huzivuta mbegu hizo usiku kucha. Wengi hupata kikohozi, mafua yasiyokwisha na macho kuwasha. Mwenye pumu hubanwa kifua. Kwa hiyo watoto wadogo, wazee, wenye pumu na wote ambao kinga ya mwili wao imepungua wasifanye kazi ya usafi wala wasilale humo mpaka nyumba ikauke. Ni afadhali wakae kwa ndugu au jirani kwa muda.

Kabla ya kuingia

Kwanza tuizunguke nyumba. Ukuta wa udongo au wa matofali mabichi hulainika chini na unaweza kuanguka hata siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Ukiona umeinama au una ufa mpya, usiingie, mwite fundi. Penye umeme, swichi kuu izimwe, lakini asiiguse mtu aliyesimama kwenye maji. Tuangalie pia nyoka, maana nao hukimbilia mahali pakavu.

Tuvae mabuti, glovu na barakoa, na vidonda vifunikwe. Maji ya mafuriko yamepita vyooni, na yana mkojo wa panya unaoleta homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Mtu akipata homa, kichwa na misuli kuuma, au macho kuwa ya njano, awahi kituo cha afya na aeleze kwamba alikanyaga maji ya mafuriko.

Kusafisha

Tope litolewe lingali bichi, kwa maana likikauka hugeuka vumbi lenye vijidudu. Chimba mtaro wa kuyaongoza maji mbali na msingi. Toa vyombo vyote nje. Kisha sugua sakafu na kuta ngumu kwa maji safi na sabuni. Penye ukungu usisugue pakiwa pakavu, mbegu zitatawanyika, palowanishe kwanza.

Baada ya sabuni, sakafu ya saruji na vigae vipakwe maji ya klorini, yaani dawa ya kufulia kama Jik: kikombe kimoja cha robo lita katika lita 4 za maji. Milango iwe wazi. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ya choo, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu.

Kukausha

Siku za jua tufungue madirisha na milango yote toka asubuhi hadi jioni. Vitanda na makabati visogezwe mbali na ukuta, na zulia la plastiki liondolewe sakafuni. Singibodi iliyolowa ishushwe, kwani juu yake ndipo ukungu hujificha.

Ukuta hukauka polepole, wiki nyingi na pengine miezi. Hapa wengi hukosea: wanapaka rangi ya mafuta au kupiga plasta upya ili kuficha madoa. Unyevu hufungiwa ndani, na baada ya muda mfupi rangi hubanduka na madoa hurudi. Ipo njia rahisi ya kupima. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ukutani, subiri.

Jambo moja tunaomba lisifanyike katika nyumba yoyote: kuweka jiko la mkaa ndani na kufunga milango ili nyumba ikauke au watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke tena. Jenereta nayo ni hivyo hivyo. Iwekwe nje, mbali na madirisha.

Cha kuokoa na cha kutupa

Nguo zifuliwe kwa sabuni na zianikwe juani. Vyombo vya chuma, kioo na plastiki ngumu vioshwe. Lakini godoro la sponji, mito na makabati ya mbao za kubandika vilivyokaa majini havikauki vizuri ndani. Tunajua godoro ni ghali. Hata hivyo, mtoto mwenye pumu asilazwe juu yake.

Kigumu zaidi ni gunia la mahindi. Mama huyatazama, huyaanika, huyapembua, na kusema yatafaa kwa uji. Mahindi na karanga vilivyoloweshwa na mafuriko visiliwe. Vikiota kuvu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kupika hakuiondoi. Nchini Kenya mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125. Kuku na ng'ombe nao wasipewe.

Familia iliyopoteza gunia lake haiwezi kulitupa kama haina kingine cha kula. Basi jumuiya zetu zisisubiri kuombwa. Debe moja la mahindi makavu kutoka kwa jirani, na mikono miwili ya kusaidia kutoa tope kwa mjane au mzee, ni kinga ya afya sawa na dawa yoyote tuliyoitaja hapa.